Nia Peke Yake Haimwachishi Mtu Pombe

Kuanzia kivuko cha Likoni hadi mpakani Lunga Lunga, ukimtaja mtu aliyezama katika pombe, jibu utakalopewa ni moja. Utalipata kwa mzee aliyekaa barazani Gazi, kwa dereva wa tuktuk pale Ukunda, kwa mhudumu wa hoteli Diani, hata kwa mke wa mlevi mwenyewe siku ambayo amechoka: akitaka kuacha, ataacha. Wanaopenda kuipamba kauli hiyo huongeza kwamba penye nia pana njia. Wacha Mungu huongeza dua, wenye hasira huongeza tusi. Hukumu haibadiliki: kunywa alianza mwenyewe, kuacha aache mwenyewe, na habari za kwenda kukaa na walevi wenziwe wakasimuliane masaibu ni kupoteza wakati.

Naipinga kauli hii kwa sababu si kweli, na kwa sababu inaua. Ninachokitetea ni kitu kidogo sana: chumba kimoja na saa moja, watu wanaotaka kuacha pombe wamekaa pamoja, bila kiingilio, bila daftari la majina, bila mhubiri wala mkubwa wa kuwaamuru. Katika kaunti yetu ya Kwale kitu hicho ni adimu. Na sababu kubwa ya uadimu wake si umaskini. Tumeshajiaminisha kwamba hakihitajiki.

Tuanze na nia yenyewe. Anayesema mlevi hana nia hajawahi kuwa naye alfajiri. Saa hiyo mikono inamtetemeka, kichwa kinamgonga, na anaapa kwa jina la mama yake na la watoto wake kwamba jana ilikuwa mwisho. Hasemi uongo. Pengine katika mtaa mzima hakuna mtu mwenye nia kali kama yake saa hiyo. Lakini jua likipanda, utamwona huyohuyo njiani kuelekea mangweni, kule kunakouzwa mnazi, kutoa loki, yaani kunywa ili kutuliza uchovu wa pombe ya jana. Kati ya kiapo na kikombe, nia haikupungukiwa na ukweli. Ilikutana na mwili.

Pombe hupoza kazi ya ubongo. Ubongo unaoletewa pombe kila siku, mwaka baada ya mwaka, hujizoesha kwa kujichochea zaidi ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi. Siku pombe inapokatwa ghafla, ule uchochezi hubaki peke yake bila cha kuupoza. Ndipo yanapokuja matetemeko, jasho, moyo kwenda mbio na usiku usio na usingizi. Kwa wengine huja degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kwa wachache huja kuweweseka, homa na kuona visivyokuwapo. Vijana wetu wanaijua arosto ya heroini, mateso ya mwili uliokatiwa dawa, na wanaiogopa, na kweli inatesa. Lakini arosto ya pombe ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kumuua mtu. Kwa hiyo ukoo unaomfungia kijana wao chumbani ili aikate kwa nguvu zake mwenyewe huenda ukamtoa chumbani humo akiwa maiti. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu aanzie hospitali, iwe Msambweni au nyingine iliyo karibu, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1 huku akiangaliwa. Hapo kauli ya kwamba ataacha akitaka inaonyesha ubaya wake wa kwanza: inamwambia mgonjwa afanye peke yake jambo ambalo daktari hangethubutu kumwachia alifanye peke yake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya kila 20, katika umri wa miaka 15 hadi 65, ameshafika kwenye uraibu wa pombe. Hao ni zaidi ya watu milioni 1.3. Ukishikilia kwamba tatizo ni nia, lazima uamini pia kwamba watu wote hao, walimu na wavuvi, askari na wagema, wamezaliwa na upungufu uleule wa nia. Hakuna mwenye akili timamu atakayeamini hivyo.

Sasa tuseme mwili umeshatulia. Wiki moja au mbili zimepita, matetemeko yamekwisha, amerudi nyumbani Ramisi au Kikoneni. Hapo ndipo kazi ndefu inapoanza, na hapo ndipo tunapomwacha. Rafiki zake ni wale wa mangweni. Njia ya kwenda kazini inapita mlangoni pa mangwe. Kama ni mgema, riziki yake iko juu ya mnazi, anapanda asubuhi na jioni, na kibuyu anachoteremka nacho ndicho kinachomharibu. Kama ni mhudumu wa hoteli, anamimina vileo vya watu zamu nzima. Msimu wa wageni anapewa bakshishi, na kuanzia Aprili mvua zikianza na vyumba vikibaki vitupu anarudishwa nyumbani akae bila kazi. Kama alikuwa mgodini, kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba Desemba 2024, na mshahara uliokuwa ukimshikilia umekatika. Katika hali hizo nia hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Mtu anahitaji mahali pa kwenda nia inaposhuka.

Mahali hapo palibuniwa na walevi wawili, na kisa chao kingeweza kutokea Diani. Mei 1935 mfanyabiashara wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Amesimama katika ukumbi wa hoteli, upande mmoja anasikia vicheko vya baa, na upande mwingine kuna simu. Nia yake ilikuwa inayeyuka na alijua. Akaiendea simu, akaanza kupigia makanisa akiomba aunganishwe na mlevi mwingine yeyote wa kuzungumza naye. Aliletewa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Wakazungumza kwa saa nyingi. Daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, AA. Angalia vizuri Wilson alikuwa akitafuta nini. Hakwenda kumwokoa daktari. Alimtafuta mlevi mwenzake ili yeye mwenyewe asinywe jioni ile. Alikuwa amegundua kwamba kumsaidia aliye mashakani ndiko kulikomzuia yeye kurudi mashakani, na mikutano yote iliyofuata imejengwa juu ya jambo hilo.

Anayedharau vikao hivi kwa kawaida hajui ndani mnafanyika nini. Mtu huingia na kutaja jina lake la kwanza tu. Sharti la kuwa mmoja wao ni hamu ya kuacha kunywa, basi. Anayetaka kusema husema, asiyetaka hukaa kimya na hakuna anayemsukuma. Anayesema hakatwi kauli, hashauriwi, hahukumiwi. Yanayosemwa chumbani hayatoki nje. Mgeni humchagua mmoja aliyemtangulia awe mlezi wake, mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku kiu inapomjia. Siku zake za kukaa bila kunywa huhesabiwa na kupongezwa, na akianguka huhesabiwa upya bila kufukuzwa. Kodi ya chumba na majani ya chai hutoka katika mchango wa hiari wa waliomo. Linganisha na nyumba za binafsi za kurekebishia waraibu, ambazo mwezi mmoja tu hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi na zaidi, na mtu akitoka anarudi palepale alipotoka.

Je, vinasaidia kweli? Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba duniani, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Matokeo yake: matibabu yaliyowaelekeza wagonjwa kwenye vikao vya AA yaliwafanya watu 42 katika kila 100 wakae mwaka mzima bila kunywa kabisa, dhidi ya 35 kwa matibabu mengine, yakiwemo ya wanasaikolojia waliobobea. Tena yalipunguza gharama za afya. Sisemi kila aingiaye hupona. Takwimu hizo zenyewe zinasema wengi hawakumaliza mwaka salama. Nasema kwamba kitu kisicho na bei kimelingana na vitu vya bei kubwa na kuvipita, na sisi tunakiita upuuzi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya dini, nami nitaijibu kwa uzito wake. Wadigo wengi ni Waislamu, na wengi wa majirani zao Waduruma, Wakamba na Wamakonde husali makanisani. Pande zote mbili utaambiwa kwamba mlevi amemsahau Mungu, amrudie tu, hana haja ya kikao. Ushahidi unaoletwa mara kwa mara ni Ramadhani. Wapo wanywaji wanaojulikana mtaani ambao mwezi ukiandama hawagusi, na siku 29 au 30 zinakwisha salama. Basi watu husema: kumbe anaweza! Kumbe ni nia tu!

Mimi nasema Ramadhani inathibitisha kinyume. Mwezi ule huyo mtu hakufunga peke yake. Mji mzima ulifunga naye. Waliamshwa pamoja kula daku, walisubiri adhana pamoja, walifuturu sinia moja, walisimama tarawehi bega kwa bega, na mangwe yenyewe ilikosa watu. Kila saa ya siku yake ilikuwa na mtu pembeni na jambo la kufanya. Marafiki wa kunywa naye hawakuwapo, kwa sababu nao walikuwa msikitini. Kisha ikaja Idi. Nguo mpya, pilau, wageni, na baada ya siku mbili tatu kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na yeye akabaki na nia yake. Nia ni ileile ya mwezi uliopita. Kilichoondoka ni watu. Kama tunataka mtu huyo akae miezi 12 jinsi alivyokaa mwezi mmoja, tumpe kwa miezi 11 iliyobaki angalau sehemu ya kile alichopewa na Ramadhani, yaani wenziwe wenye lengo lake, mahali panapojulikana na saa isiyobadilika.

Historia ya Uislamu wenyewe iko upande wangu. Pombe haikukatazwa kwa pigo moja. Makatazo yalishuka kwa hatua: kwanza watu walielezwa madhara yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, mwisho ikaharamishwa moja kwa moja. Na siku hiyo ya mwisho, kama hadithi zinavyosimulia, mitungi ilimwagwa hadi pombe ikatiririka katika njia za Madina. Mji uliacha kwa pamoja. Hakuna aliyeachwa aache peke yake huku jirani akinywa.

Na kwa wale wanaodhani kumtukana mlevi ni ibada, katika Sahihi ya Bukhari mna kisa cha sahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mtu mmoja alipochoka kumwona akiletwa, akamlaani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza kumlaani, akamshuhudia mlevi yule kwamba alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mtu anarudi kosani tena na tena, na bado hatolewi katika ndugu zake. Leo msikiti gani wetu humpa mlevi nafasi hiyo? Akipita na harufu mdomoni tunamgeuzia uso. Makanisani nako ushuhuda hutolewa na aliyeshinda, akashangiliwa. Aliyekaa miezi mitatu salama kisha akaanguka jana usiku atasimama wapi aseme? Kwenye kikao atasema, na watakaomsikiliza wameshaanguka kabla yake. Kikao hakichukui nafasi ya sala. Kinamtunza mtu awe hai na mzima wa akili ili aweze kusali.

Tena si kweli kwamba mikutano hii haichukuani na Uislamu. Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, nyumba ya kwanza ya kuwalea wanaoacha uraibu ilifunguliwa mwaka 2009, na Suleiman Mauly, ambaye aliwahi kuwa mraibu wa heroini, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Zikafuata nyingine Unguja na Pemba, zikitumia hatua 12 za kupona zilizoanzia AA na vikao vilevile, kwa Kiswahili, baina ya watu wanaoswali swala tano. Marekani, mwaka 1989, Waislamu waliunda Millati Islami, wakaziandika hatua 12 kwa misingi ya dini yao. Nchini Iran, ambako pombe ni marufuku kwa sheria, vikao vya waraibu wa dawa za kulevya vina wanachama makumi ya maelfu. Kinachowezekana Unguja na Tehran hakishindikani Msambweni.

Kuna wanaokubali yote haya kisha wakasema: lakini mji wetu mdogo, aibu itamuua. Akionekana anaingia kikaoni, Ukunda nzima itajua kwamba ni mlevi. Nawauliza, ni nani Ukunda asiyejua? Aliyelala kwenye mtaro Jumamosi amekwisha kuonekana. Aliyeanguka na bodaboda anajulikana. Watoto wake wanajua, mwalimu wao anajua, mwenye duka anayemdai anajua zaidi ya wote. Ulevi wake hauna siri. Kitu pekee ambacho mji haukijui ni kwamba anataka kuacha, na hicho ndicho tunachomshauri akifiche. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tuliwahi kuyasema haya kuhusu UKIMWI. Mwaka 1987 Joe Muriuki alijitokeza hadharani akawa Mkenya wa kwanza kutangaza kwamba anaishi na virusi, wakati ambapo kusema hivyo kulimfanya mtu akimbiwe. Waliofuata nyayo zake wakaunda vikundi vya kusaidiana, na vikundi hivyo ndivyo vilivyowafundisha watu kumeza dawa kwa saa, kumwambia mwenza, kurudi kliniki. Tulipowapa watu nafasi ya kukaa pamoja, aibu ilipungua. Haikupungua kwanza ndipo wakakaa.

Hata hivyo kuna kundi moja ambalo hofu yake ya kujulikana naiheshimu kabisa, nalo ni la wanawake. Mwanamume mlevi husemwa; mwanamke mlevi huachwa, hunyang'anywa watoto, huitwa majina ambayo binti yake atayabeba. Ndiyo maana hunywa ndani, mlango umefungwa, na huja hospitalini ini likiwa limeshaharibika. Kumwita kwenye chumba kilichojaa wanaume si msaada. Wanawake wapewe kikao chao, wakiongozwa na mwanamke, mchana wakati watoto wako shule, mahali ambapo wanawake huenda kwa mambo mengine ili mtu apite bila kuulizwa. Huduma hii isipoundwa hivyo, tutahesabu wanaume tu na kusema wanawake wetu hawanywi.

Zipo pia sauti za serikali, ambazo dawa yao ni msako. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa, jioni saa 11 hadi saa 5 usiku siku za kazi. Mwaka 2015 rais wa wakati huo aliamuru pombe za bei rahisi zinazoitwa za kizazi cha pili ziteketezwe, mapipa yakapinduliwa. Februari 2024 watu zaidi ya 15 walikufa kwa pombe yenye sumu Kangai, Kirinyaga, na mwezi uliofuata yakatangazwa masharti mapya ya nchi nzima. Sumu ikamatwe, na wauzaji wake washtakiwe. Sina ugomvi na hilo. Lakini askari akimwaga pipa hajamtibu mnywaji. Na hapa kwetu pipa lenyewe ni mti ulio nyuma ya nyumba. Utomvu unaoteremshwa asubuhi ukiwa mtamu huanza kuchachuka ndani ya saa chache, na kufika kesho ni mkali. Hakuna msako utakaoufikia kila mnazi wa Kwale, wala haufai, kwa sababu mnazi huohuo hulipa karo, hutumika kwenye mahari na kwenye matambiko ya kaya. Mti utabaki. Anayehitaji msaada ni yule ambaye akionja kimoja hawezi kusimama.

Wale wanaosema kikao ni mambo ya Wazungu wa ufukweni nitawajibu kwa ufupi, kwa kuwa wenyewe hawaiamini hoja yao. Jamii inayokaa matanga siku nzima ili mfiwa asibaki peke yake, inayochangiana vyamani kila wiki, inayomaliza kesi zake barazani, haiwezi kudai kwamba kukaa pamoja na kusikilizana kumeletwa na ndege.

Basi tuzungumze juu ya kinachokosekana. Nairobi mtu anaweza kupata kikao siku yoyote ya juma. Mwenye kuishi Shimoni au Vanga ana Mombasa: apande matatu hadi Likoni, asubiri feri, atafute jengo asilolijua, kisha arudi usiku. Nauli hiyo ni ujira wa siku moja ya kazi, na kikao hufaa kikirudiwa mara nyingi, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Kwa waraibu wa heroini kaunti imepiga hatua: kuna kituo cha Kombani wanakopewa methadoni, na shirika la Teens Watch limekuwa likiwafuata mitaani Ukunda kwa miaka mingi. NACADA nayo ina kituo chake Miritini, upande wa Mombasa. Mlevi wa mnazi na chang'aa hajafuatwa na mtu hivyo, ingawa yeye ndiye aliyejaa katika kila kijiji.

Kukifungua kikao hakuhitaji bajeti ya bunge la kaunti. Kwa desturi za AA zenyewe, watu wawili watatu waliokutana ili wasinywe wameshakuwa kikundi. Wanahitaji chumba kisichouza kileo, na wanahitaji saa inayolingana na maisha ya hapa. Mfanyakazi wa hoteli ana zamu, basi kuwe na kikao cha asubuhi na cha usiku. Mvuvi hufuata maji, basi wavuvi waulizwe wenyewe. Lugha iwe Kiswahili, na anayetaka kusema Kidigo au Kiduruma aseme, kwa maana uchungu wa ndani haukalimaniki vizuri. Wenye simu waweza kuongeza vikao vya mtandaoni, ambavyo vilienea sana tangu janga la korona mwaka 2020, lakini simu isiwe badala ya mtu aliyekaa mbele yako.

Najua nani afanye nini. Hospitali ya Msambweni isimruhusu mgonjwa wa pombe atoke wodini na karatasi ya dawa peke yake. Atoke na jina la mahali, siku na saa, na ikiwezekana mtu wa kumpeleka mara ya kwanza. Maimamu na mapasta watoe chumba, halafu wakae nje yake, kwa sababu watu hawatafunguka mbele ya anayewahubiria. Hoteli za Diani, ambazo kileo ni sehemu ya mapato yake, zimpe mfanyakazi anayetaka kuacha zamu mbali na baa na ruhusa ya saa moja, badala ya kungoja siku ya kumfukuza. Machifu wakimkuta mlevi wawe na pa kumwelekeza zaidi ya seli. Na familia ziache kumhukumu mtu kwa wingi wa viapo vyake. Zimwulize: leo unakwenda kukaa na nani? Asiyejua pa kuanzia ana nambari 1192 ya NACADA, ambayo haina malipo.

Lakini neno langu la mwisho ni kwa wale ambao hakuna ofisi inayoweza kuwaamuru. Katika kila mji wa pwani hii kuna watu waliokwisha kuacha. Wamekaa miaka bila tone, wana nyumba na heshima, na wamenyamaza, kwa sababu kusema umeacha ni kukiri kwamba ulikunywa. Nawaelewa, na nawaambia kwamba kimya chao kina gharama inayolipwa na wengine. Daktari anajua ini, imamu anajua hukumu, mke anajua machozi. Wewe peke yako unajua siku ya tisa ikoje, na ulifanya nini siku ya tisa hata ukaiona ya kumi. Elimu hiyo haimo katika dawa yoyote, na mtu mmoja Gazi au Tiwi anaihitaji jioni ya leo. Chagua chumba, taja siku na saa, mjulishe mganga wa zahanati na mzee wa mtaa, kisha fika hapo kila juma hata kama kwa majuma kadhaa utakuwa peke yako. Wa pili atakuja, kwa sababu wanaomtafuta mtu kama wewe ni wengi kuliko unavyodhani, na mpaka sasa hawajui kwamba upo.